Suti ya Baba na Meli ya Sultani

Mimi mchumba nilipewa na meli iliyozama. Msinicheke, maana nikianza kucheka na mimi hatutafika mwisho wa habari hii leo.

Nafundisha historia katika shule moja ya sekondari chini ya Kilima cha Arua. Mtaala una mambo yake, nayo nayafundisha kama inavyotakiwa, lakini kila muhula wa pili najiibia kipindi kimoja, nafunga mlango, nawapa wanafunzi hadithi ninayoipenda kuliko zote: jinsi Wajapani na Waturuki walivyotafutana. Nikiianza siwezi kukaa. Natembea huku na huku, napiga meza, chaki inaruka. Wanafunzi wamenipa jina la bandari ya Japani. Wanadhani sijui. Najua, na tena nalipenda.

Inakwenda hivi. Wajapani walijifungia visiwani kwao vizazi na vizazi, mlango wakauacha upenyo tu. Siku walipofungua, mataifa ya Ulaya yakawatwisha mikataba ya dharau: mgeni akikosea nchini mwao, wao hawana ruhusa ya kumhukumu. Huko mbali, Dola ya Uthmaniya, ile ya Waturuki na Sultani wao wa Istanbul, ilikuwa imebeba mzigo kama huohuo. Wajapani wakatuma wajumbe kwa Sultani. Walipokewa vizuri, heshima zote. Ilipofika habari ya mkataba, Wajapani wakasema, tupeni upendeleo uleule mliowapa Wazungu. Waturuki wakasema, jamani, huo ndio mzigo tunaotafuta pa kuutua, ninyi mnatuongezea? Hakuna aliyegomba, hakuna aliyelegeza. Waliagana kwa adabu nyingi na karatasi tupu.

Miaka ikapita, mwana wa kifalme wa Japani akapita Istanbul, na Sultani akaona ni lazima arudishe heshima. Akatuma meli ya kivita kuukuu, ya mbao, imebeba nishani ya mfalme wa Japani. Karibu mwaka mzima njiani! Ikafika, nishani ikatolewa, kipindupindu kikawashika mabaharia, na siku za kurudi tufani ikaibamiza meli kwenye miamba. Walikufa mamia. Waliopona hawakufika sabini, wakakwea jabali hadi kwenye kijiji cha maskini ambao hawakuwa wamewahi kumwona Mturuki.

Mwaka mmoja nilikuwa nimefika hapo hasa, mikono juu, nimekuwa jabali, dirishani pakatokea kichwa. Alikuwa fundi wa umeme wa jua, amekuja kufunga paneli juu ya paa letu, na kumbe alikuwa amesimama kwenye ngazi muda wote huo, bisibisi mkononi, anasikiliza.

"Mwalimu, samahani," akasema. "Hao watu ya kijiji, waliwapa nguo?"

Miaka kumi nimefundisha kipindi kile. Wanafunzi wameniuliza kama kitatoka kwenye mtihani, wameniuliza kama Wajapani wanakula nyoka. Habari ya nguo hakuna aliyewahi kuniuliza.

"Nguo zao wenyewe," nikasema. "Wakalala nao kifua kwa kifua ili wapate joto."

"Na chakula?"

"Viazi vitamu. Mayai. Halafu wakachinja kuku wao wa mwisho."

Akaitia bisibisi mfukoni palepale kwenye ngazi. Kisha akaeleza kwamba yeye ni Mnubi wa Koboko, na babu wa babu yake aliletwa huku na jeshi la mtawala wa Misri, ambaye bwana wake mkubwa alikuwa Sultani yuleyule. "Kwa hiyo hao iko kama ndugu yetu," akasema. "Basi, asante kwa kuku."

Asante kwa kuku! Mama yangu! Darasa lilicheka mpaka likanyosha miguu, na mimi nikageukia ubao kuandika tarehe, nikashindwa kukumbuka ilikuwa tarehe gani. Nilikuwa na umri wa miaka thelathini na minne, nimepanga chumba mtaani Awindiri, nimeshawaambia watu wote kwamba ndoa si lazima. Paneli za shule yetu zilifungwa kwa siku mbili. Fundi alirudi kuzikagua mara tisa.

Mwaka uliofuata tukakubaliana kuoana, na hapo ndipo mambo yakatoka mikononi mwetu, kwa sababu kwetu watu wawili wakipendana, wanaooana ni koo mbili. Kwetu ni kijijini Dadamu, Walugbara, Wakristo wa kanisani kila Jumapili. Kwao ni Waislamu wa mjini Koboko. Mnadhani dini ndiyo ilileta shida? Hata! Dini ilizungumzwa kwa simu siku moja ikaisha. Hata mchinjaji baba yangu alimtafuta mwenyewe, jirani Mwislamu, ili wageni wasipate mashaka. Kilichotaka kutuua ni adabu.

Baba yangu ni karani mstaafu wa ofisi za serikali pale kilimani. Mtu mrefu, mwembamba, hawezi kusema neno zito bila karatasi. Akipewa nafasi ya kushukuru kwenye harusi, ameiandika wiki nzima kabla, ameikunja mara nne, ameitia mfuko wa ndani wa koti. Ana suti moja, ya kijivu, na hiyo suti hata shangazi, dada yake aliyenilea tangu mama alipotangulia, haigusi bila kunawa mikono. Na baba ana sheria aliyoirithi kwa baba yake: nyumba yetu haizungumzi na mtu mwenye njaa. Kwanza mgeni ale, ashibe, ndipo neno lake lisikike.

Baba mkubwa wa mchumba wangu, mzee mfupi, mnene, mwenye sauti ya kuamrisha gwaride, alikuja kuongoza ujumbe wa posa. Naye ana sheria yake, aliyoirithi kwa wale askari: mjumbe hali chakula cha nyumba ambayo haijamsikia. Kwanza neno, ndipo mkono uguse sahani.

Na hakuna aliyemwambia mwenzake! Angesemaje? Kumwambia mgeni "kula ndiyo usikilizwe" ni utovu wa adabu. Kumwambia mwenyeji "nisikilize ndiyo nile" ni utovu wa adabu zaidi.

Basi siku ya kwanza walifika saa nne asubuhi. Shangazi akaandaa: kuku, maharagwe, na enyasa, ule ugali wetu wa muhogo na mtama, umepakuliwa unafuka moshi. Baba, ndani ya suti, akasema kwa Kiswahili, maana sisi Kinubi hatujui na wao Kilugbara hawajui, "Karibuni, karibuni chakula." Mzee wa Koboko akasema, "Asante sana." Akakaa. Mikono juu ya magoti.

Enyasa ikafuka peke yake.

Mimi na shangazi tulikuwa jikoni, tumebanana kwenye tundu la dirisha. Baba akasema mvua imechelewa mwaka huu. Mzee akakubali kwamba imechelewa. Baba akasema, "Karibuni." Mzee akasema, "Asante." Kuku akapoa. Baba akajipapasa kifuani, upande wa moyo. Nikamwambia shangazi, jamani, presha! Shangazi akaniambia nyamaza. Saa sita. Wakasifu barabara ya lami ya Koboko. Saa saba. Baba kajipapasa tena kifuani. Mzee amemeza mate, nimeona kwa macho yangu, koo limepanda na kushuka. Nzi ndio walikula siku ile, tena kwa raha zao.

Saa tisa mzee wa Koboko akainuka, akasema safari ni ndefu, akashukuru kwa mapokezi. Baba akainuka, akashukuru kwa kutembelewa. Wakaondoka na njaa yao, na neno lao halijatoka mdomoni.

Nililia, halafu nikacheka, halafu nikalia tena, shangazi akaninyang'anya mwiko kabla sijajiumiza nao. Baba alivua suti, akaitundika, akasema maneno mafupi: "Watu ambao hawawezi kula chakula yangu, watakaaje na mtoto yangu?" Na jioni mchumba akanipigia kutoka Koboko. Baba yake mkubwa ameapa: tumekaa saa tano, hawakutaka hata kutuuliza tumekuja kufanya nini! Atakwenda mara moja tena, kwa sababu ya kijana. Wasiposikilizwa, basi, Dadamu hawarudi tena, na kijana atafutiwe mke kwingine.

Mara moja tena. Neno hilo nililala nalo na kuamka nalo. Darasani niliwaambia wanafunzi Sultani alikuwa anakaa Koboko.

Tukala njama kwenye simu, mimi na yeye. Mimi nitamlainisha baba asikilize kwanza, yeye atamlainisha mzee ale kwanza. Mnaona kosa? Sisi hatukuliona. Nikaenda Dadamu, nikamsimulia baba habari ya wajumbe wa Japani na Sultani, jinsi walivyogandiana kwa heshima mpaka mkataba ukakosa kuandikwa. Alisikiliza, miwani puani.

"Sasa mimi katika hiyo hadithi iko nani?" akauliza. "Mujapani ama Sultani?"

"Baba, yeyote unayemtaka."

"Mimi nitakuwa Sultani. Wao ndio wanakuja." Akafikiri. "Sawa. Nitasikia kwanza."

Nikaruka juu. Nikamtumia mchumba ujumbe: Sultani amekubali! Naye akajibu palepale: Na huku mzee amekubali, atakula kwanza! Ndipo ikanijia. Nikakaa chini kwenye majani. Yaani sasa baba atakataa kupakua mpaka neno lisemwe, na mzee atakataa kusema mpaka apakuliwe. Tumewageuza tu kama chapati! Nikampigia shangazi, aliyekuwa sokoni, akacheka mpaka akakata simu. Mimi sikucheka. Safari hii hapakuwa na ya tatu.

Siku ilipofika, ile mvua iliyochelewa ikaamua kuja. Ilianza alfajiri, ikapiga mabati mpaka hatusikilizani. Saa nne hawajafika. Saa tano hawajafika. Suti ya baba imetundikwa nyuma ya mlango, imepigwa pasi, na baba mwenyewe anazunguka chumbani na kaptura yake ya shambani, hataki kuivaa mapema isije ikakunjika. Saa sita mchumba akanipigia simu: gari limenasa kwenye kijito bondeni, maji yameingia hadi vitini, wote wako nje.

Baba hakungoja nimalize kueleza. Alitoka vilevile, kaptura na mabuti ya mpira, mbio, mvuani, mtu wa miaka sabini na moja! Mimi na shangazi nyuma yake.

Haki ya Mungu, sijawahi kuona kitu kama kile. Wajumbe wanne wa Koboko, kanzu nyeupe zimekuwa rangi ya udongo, wanasukuma gari. Mchumba wangu yuko matopeni mpaka mapajani, ananiona, anacheka, mjinga yule. Mzee amekwama katikati ya kijito, kofia imekwenda na maji, anatetemeka meno. Baba akaingia kwenye maji bila salamu, akamshika kwapani, akamvuta kama mtu anavyovuta muhogo. Wakaanguka wote wawili ukingoni. "Pole, pole, pole," baba anasema. Mzee hana hata nguvu ya kusema asante.

Tuliwapandisha nyumbani, tukawaingiza jikoni, si sebuleni, kwa sababu jikoni ndiko kulikokuwa na moto. Vijana wakapewa mashuka na mablanketi. Mzee akasimama pembeni, maji yanachuruzika, anatetemeka vibaya, nikaogopa. Baba akamtazama. Kisha akaniambia, "Lete suti."

Shangazi akashtuka. "Suti? Si ndiyo unavaa leo!"

"Huyu mutu analowa."

"Na wewe je?"

"Mimi iko kwangu," baba akasema. "Lete."

Nikaenda nikaitoa nyuma ya mlango. Mikono yangu ilikuwa na tope na sikunawa. Mzee akabadilisha chumbani, akatoka. Lo! Suruali imekunjwa mara tatu chini, koti halifungi tumboni, mikono imefunika vidole. Hakuna aliyethubutu kucheka, ingawa blanketi moja pale pembeni lilitikisika sana. Shangazi akamkalisha kwenye kigoda karibu na mafiga, akachokoa jivuni, akatoa kiazi kitamu cha kuchoma, akakipuliza, akakimenya, akamtia mkononi. Na mzee wa Koboko, aliyeapa kwa wale askari wote, akakila. Hakukumbuka sheria ya nani. Alikula kama mtu anayesikia baridi, basi.

Mimi nilikuwa nimeegemea ukuta. Nguo zao wenyewe. Viazi vitamu. Nikamtafuta mchumba kwa macho, nikamwona ndani ya blanketi lake, ananitazama, haoni mtu mwingine. Hakucheka safari hii. Nilitaka kupiga kelele, nikauma kanga.

Kiazi cha pili mkononi, mzee akaingiza mkono mwingine mfuko wa ndani wa koti, nadhani akitafuta leso yake, akisahau koti si lake. Akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Akaikunjua, akaisogeza karibu na moto, akaanza kusoma kwa sauti, mdomo umejaa kiazi:

"Wageni wetu wapendwa kutoka Koboko. Kwa kuwa sasa mmekula na kushiba, na neno lenu tumelisikia..."

Akaacha kutafuna. Akamtazama baba. Baba amesimama mlangoni na kaptura yake, tope mpaka usoni, amekuwa kama mtoto aliyekamatwa kabatini.

"Endelea tu," baba akasema polepole. "Iko yenu."

"...mimi na ukoo wangu tunakubali kwa furaha."

Mzee akarudisha macho juu ya karatasi, kona ya kulia, mahali ambapo karani yeyote anayejiheshimu huandika tarehe. Akaisoma tarehe. Akaisoma mara ya pili. Haikuwa ya siku ile. Ilikuwa ya siku ya kwanza, ya kuku aliyepoa.

Jamani! Kumbe haikuwa presha! Saa tano nzima siku ile baba alikuwa anajipapasa jibu. Ile "ndiyo" yetu ilikuwa mfukoni mwake, imeandikwa, imekunjwa, inangoja mtu mmoja tu amege tonge ili isomwe. Na wao walikuwa na swali ulimini, linangoja mtu mmoja tu aseme "semeni". Koo mbili za watu wazima!

"Mzee," baba mkubwa akasema, na ile sauti ya gwaride ilikuwa imepotea yote. "Umejibu. Lakini sisi bado hatujauliza."

"Basi uliza," baba akasema.

Akasimama. Akajaribu kufunga kifungo cha koti, kikakataa, akakiacha. Akauliza pale jikoni, mbele ya moshi na masufuria, kwa Kiswahili kifupi: kwamba kijana wao amemwona binti yetu, na wao wamekuja kumwomba. Basi. Maneno ambayo hayakuzidi pumzi moja, na yalitugharimu miezi mitatu.

Sote tukamgeukia baba. Baba akajinyoosha kama yuko ndani ya suti. Akapapasa kaptura, mfuko wa kushoto, mfuko wa kulia. "Ngoja," akasema. "Bila karatasi yangu mimi siwezi."

Hapo jiko lilipasuka. Shangazi alikaa chini sakafuni. Hata mzee alicheka mpaka kiazi kikamtoka, akamkabidhi baba karatasi kwa mikono miwili, akiinama kidogo, na baba akaipokea kwa mikono miwili, naye akiinama, na mimi peke yangu jikoni mule nikajua walikuwa wanafanana na nani.

Baba akaisoma upya, tangu "Wageni wetu wapendwa", pamoja na "kwa kuwa mmekula na kushiba". Karatasi ilikuwa na mstari mmoja zaidi, ambao mzee hakuufikia. Baba alipoufikia alivua miwani, akaufuta ukungu, akaivaa tena.

"Binti yangu anasimulia habari za mbali tangu akiwa mdogo," akasoma, "na mimi, kwa kazi nyingi, sikuzisikiliza zote. Nimemchunguza huyu kijana. Yeye anamsikiliza mpaka mwisho. Mchukueni."

Suti haikurudi Dadamu. Baba alikataa kuipokea, na mwezi uliofuata ikaja kanzu mpya kutoka Koboko, imeshonwa ndefu, ya mtu mwembamba, ina mfuko wa ndani kifuani. Baba aliivaa siku ya harusi. Alipoitwa kushukuru alitia mkono kwenye ule mfuko, akautoa mtupu, akanitazama, akaanza kusema.